Hesabu ya Kaka, Machozi ya Mdogo Wangu

Siku ya nne baada ya kumzika baba, majirani wakiwa bado wanarudisha masufuria na mikeka iliyoazimwa kwa ajili ya hitima, kaka yetu mkubwa alituita sisi wadogo zake wawili katika chumba alichokuwa akilala tangu ujana wake, akafunga mlango, akafungua daftari. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Nyumba ya baba iko Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na uani nyuma, na ilikuwa imepata mnunuzi aliyetaja shilingi milioni 65. Paa lilikuwa linavuja, na kaka alikadiria kwamba kuezeka upya kungetaka bati 96, mbao, misumari na ufundi, jumla isiyopungua shilingi milioni 4 na nusu, fedha ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nazo. Vyumba vitatu vilivyopangishwa vilikuwa vinaingiza shilingi 40,000 kila kimoja kwa mwezi, yaani shilingi 1,440,000 kwa mwaka, na kwa kipato hicho nyumba ingehitaji zaidi ya miaka 45 kufikia bei ambayo mnunuzi alikuwa tayari kuilipa mara moja. Alitaka jibu kufikia Ijumaa.

Mimi kazi yangu ni uhasibu. Nilizisoma zile safu mstari kwa mstari, kama ninavyozisoma hesabu za watu wengine, nisione kosa. Mgawo wa mirathi ulikuwa umeandikwa chini ya ukurasa kwa mujibu wa sheria ya dini yetu: mama, thumuni yake, shilingi 8,125,000, sisi wanaume wawili, shilingi 22,750,000 kila mmoja, mdogo wetu wa kike, shilingi 11,375,000. Mama angehamia Arusha kwa kaka, ambako kulikuwa na chumba. Nikaitikia kwa kichwa. Mdogo wetu, kitindamimba, alikuwa ameketi kwenye ncha ya kitanda, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso, akasema, "Mimi sitaki iuzwe." Kaka akamwuliza sababu. Akajibu kwamba hana sababu ya kuieleza, ila moyo wake unakataa, kisha akaanza kulia. Kaka akanitazama, na nilielewa mtazamo ule bila kuambiwa, kwa kuwa ndio uliokuwa moyoni mwangu pia: huyu anaongozwa na hisia, na sisi wawili tunaongozwa na akili.

Imepita miaka kadhaa tangu siku ile, na nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu naamini sasa kwamba nilikosea juu ya watu wote watatu tuliokuwamo chumbani, nikiwamo mimi mwenyewe.

Lugha yetu haijawahi kuvitenganisha vitu hivi viwili kwa ukali tunaoutumia tunapobishana. Neno akili tumelipata katika Kiarabu, na katika Kiarabu lina undugu na neno la kamba ambayo mfugaji humfungia ngamia goti ili asipotee usiku. Ndani yake mna maana ya kuzuia. Moyo ni neno letu la Kibantu, na kazi tulizolipa ni nyingi kuliko kupenda na kuchukia. Mswahili huwaza moyoni, husema moyoni, huhifadhi sura za Kurani moyoni, na anapokabiliwa na jambo zito hupiga moyo konde. Kurani nayo, katika sura ya Al-Hajj, aya ya 46, inataja nyoyo ambazo watu wangepata kufahamu kwazo. Sisi tuliosoma vyuoni ndio tuliorudi nyumbani na ile picha ya Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, aliyeilinganisha nafsi na gari linalokokotwa na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, huku akili ikiwa imeshika hatamu. Ni picha yenye nguvu, na ina ukweli ndani yake, lakini inamfanya msomi aamini kwamba yeye daima ndiye aliyeshika hatamu, na kwamba farasi ni mtu mwingine, hasa akiwa mtu huyo ni mwanamke anayelia.

Kilichonitikisa kwanza kilikuwa kisa cha mgonjwa mmoja ambacho daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio, Mreno aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alikieleza kwa wasomaji wa kawaida mwaka 1994. Mgonjwa huyo, ambaye Damasio alimpa jina la Elliot ili kumhifadhi, alikuwa mfanyakazi mzuri, mume na baba, hadi alipoota uvimbe nyuma ya paji la uso uliofikia ukubwa wa chungwa dogo. Madaktari waliutoa uvimbe pamoja na sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika. Alipona. Alipopimwa, kumbukumbu yake ilikuwa sawa, lugha yake sawa, na katika majaribio ya akili alipata alama za mtu wa kawaida au zaidi. Lakini maisha yake yaliporomoka. Kazini aliweza kutumia alasiri nzima akitafakari namna bora ya kupanga karatasi, iwe kwa tarehe, au kwa ukubwa, au kwa umuhimu, asipange hata moja. Alifukuzwa kazi, akaingiza akiba yake katika biashara pamoja na mtu ambaye alionywa juu yake, akafilisika, ndoa ikavunjika, akaoa tena, nayo ikavunjika. Alipoonyeshwa picha za nyumba zinazoungua na watu wanaozama, alisema kwamba anafahamu zamani zingemgusa na kwamba sasa hazimfanyi ahisi lolote.

Damasio anaeleza pia kuhusu mgonjwa mwingine mwenye jeraha katika sehemu iyo hiyo ya ubongo. Siku moja alimpa achague kati ya tarehe mbili za kurudi hospitali, zilizopishana kwa siku chache tu. Mgonjwa akatoa kitabu chake cha miadi, na kwa muda unaokaribia nusu saa akapanga hoja za kuunga mkono na za kupinga kila tarehe: shughuli nyingine alizokuwa nazo, ukaribu wa miadi, hali ya hewa ambayo huenda ingekuwapo, kila kitu ambacho mtu anaweza kukitaja kuhusu tarehe. Hakukuwa na kosa katika hoja zake. Kilichokosekana ni kile ambacho wewe na mimi tungekihisi baada ya dakika moja, ule uchovu mdogo unaosema kwamba jambo hili halistahili muda huu. Damasio alipomwambia tu, njoo siku ile ya pili, akajibu kwamba ni sawa, akafunga kitabu chake akaondoka.

Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka mara moja yule niliyekuwa chumbani siku ya nne, nikishika daftari. Nilikuwa nimejifunza kuamini kwamba ukiziondoa hisia kinachobaki ni uamuzi safi. Mgonjwa wa Iowa anaonyesha kinachobaki: orodha isiyo na mwisho, ambayo kila kitu ndani yake kina uzito sawa, kwa sababu uzito wenyewe ndio kazi ya hisia.

Kikundi hicho hicho cha Iowa kilibuni mchezo wa karata ambao tangu mwaka 1994 umechezwa katika maabara nyingi duniani. Mchezaji hupewa mkopo wa dola 2,000 za kuigiza na mafungu manne ya karata. Mafungu mawili hutoa faida ya dola 100 kila karata inapofunuliwa, lakini mara kwa mara huleta hasara kubwa inayomla mchezaji kidogo kidogo hadi afilisike. Mawili mengine hutoa dola 50 tu, na hasara zake ni ndogo, kwa hiyo anayeyashikilia hubaki na faida. Mchezaji haambiwi lolote. Watafiti walipima jasho dogo la viganja, ambalo huongezeka mtu anapopata wasiwasi hata kama mwenyewe hajui. Baada ya karata kama 10 hivi, wachezaji wenye afya walianza kutoa jasho kila mkono ulipoelekea kwenye mafungu mabaya, na hapo bado hawakuweza kusema kwamba mafungu hayo yana tatizo. Kwenye karata ya 50 hivi walikuwa wanasema kwamba hawayapendi. Ilipofika karibu karata ya 80, wengi waliweza kueleza sababu. Wagonjwa walioumia kama Elliot hawakutoa jasho hilo la onyo, na hata wale ambao mwishowe waliweza kueleza kwamba mafungu hayo ni mabaya waliendelea kuyafunua. Wapo wanasayansi wanaobishana juu ya kiasi gani wachezaji walijua na wakati gani, na kuhusu jasho lenyewe lina mchango kiasi gani katika kuamua, na ubishi huo una maana.

Baada ya kusoma hayo ndipo nilipoielewa kauli ya mdogo wangu. Hakukosa sababu. Alikuwa kwenye karata ya 10.

Yeye anafundisha shule ya msingi Muheza, na kwa miaka sita alikuwa anakuja nyumbani kila Jumamosi moja baada ya nyingine, wakati kaka alikuwa anakuja Idi na mimi nikija pale ninapopata nafasi, maneno ambayo mtu wa Dar es Salaam huyatumia kwa maana ya mara chache. Wiki ya tatu baada ya msiba nililala Tanga siku nne kufuatilia barua ya serikali ya mtaa na nyaraka za mahakama ya mwanzo, na asubuhi ya kwanza niliamshwa saa kumi na moja alfajiri na harufu ya vitumbua. Nikashangaa, kwa sababu mama alikuwa kwenye eda, hatoki. Nilipochungulia barazani nikamwona jirani yetu wa mkabala, mama mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua, ameketi kwenye kile kigoda cha mama, mbele ya jiko la mama, anageuza vitumbua kwa ule mwiko mwembamba wa mama, na wateja wale wale wanasimama kwa zamu yao ile ile. Jua lilipotoka alizima jiko, akaingia ndani, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake na kumhesabia mama noti na sarafu mkekani, hadi shilingi mia ya mwisho, kisha akaomba chai. Hakuna aliyemwajiri. Alikuwa anafanya hivyo tangu siku ya tatu ya msiba, kwa sababu, alivyoniambia, wateja wa vitumbua wakikosa siku saba huhamia kwa mwingine, na mama yenu akitoka eda atakuta hana kazi.

Katika daftari la kaka hapakuwa na safu ya jirani huyo. Hapakuwa na safu ya kigoda, wala ya wateja, wala ya kijana wa nyumba ya pili anayemsomea mama jumbe za simu kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Tuliandika shilingi 8,125,000 kama fungu la mama, hesabu sahihi kabisa, na katika hesabu hiyo sahihi tukamwondolea riziki yake, watu wake na jina lake, kwa maana kule Arusha angekuwa mama wa fulani tu. Mdogo wangu alikuwa ameviona vitu hivyo vyote kwa miaka sita, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alipoulizwa sababu ghafla, mbele ya kaka mwenye kalamu, havikumjia kama maneno. Nilipomwuliza baadaye aliniambia kwamba kilichomjia ni picha moja: mama ameketi kwenye kochi katika nyumba ya ghorofa, mlango umefungwa, hajui jirani anaitwa nani. Picha hiyo na kubanwa kifua ndivyo vilivyokuwa ushahidi wake wote, na ushahidi huo ulikuwa umejengwa juu ya taarifa nyingi kuliko zile zilizokuwamo daftarini.

Kumwelewa kaka kulinichukua muda mrefu zaidi. Yeye si mtu wa tamaa, na ningependa msomaji anayefikiri hivyo aachane na wazo hilo, kwa sababu ndiye aliyelipa gharama za hospitali za baba bila kututajia kiasi. Alifika Tanga wakati baba amekwisha kupoteza kauli. Walitazamana, hawakuzungumza. Mwaka mmoja na zaidi baadaye, tukiwa tumekaa stendi tunasubiri basi lake la Arusha, aliniambia kwamba siku zile za msiba hakuweza kupita mbele ya chumba cha baba, kwa sababu kofia yake ya kiua ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila upepo ulipousukuma mlango kofia ilicheza kana kwamba kuna mtu ameigusa. "Nilitaka ile nyumba isiwepo," alisema. Namba zake zote zilikuwa za kweli. Majonzi ndiyo yaliyochagua ni hesabu gani ipigwe, majonzi ndiyo yaliyoharakisha siku ya nne, na majonzi ndiyo yaliyofanya neno Ijumaa lionekane kama amri. Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia wawili walioanza kuchapisha nadharia yao ya maamuzi yenye mashaka mwaka 1979, walionyesha kwamba kupoteza kitu huumiza zaidi kuliko kukipata kunavyofurahisha, na baadaye walikadiria tofauti hiyo kuwa karibu maradufu. Kaka alikuwa amempoteza baba, na sasa kulikuwa na mnunuzi ambaye naye angeweza kupotea. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuambiwa apoteze kitu kingine, hata kama ni bei tu.

Kwa hiyo aliyekuwa analia alikuwa na taarifa, na aliyekuwa na kalamu alikuwa na maumivu, na mimi niliyewahukumu wote wawili kwa kutazama sura zao nilikuwa nimechoka, natamani kurudi Dar es Salaam. Uchovu nao ni hisia. Ndio ulionifanya nisione kosa.

Naogopa hapa kusomwa kama mtu anayesema kwamba moyo ukikataa jambo basi jambo liachwe, kwa kuwa nimeshalipa gharama ya imani hiyo. Miaka mitano kabla ya msiba nilinunua kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam kwa sababu ya mwembe. Ulikuwa mwembe wa dodo, umekaa kwenye kona ya kiwanja kama ule wa kwa bibi yangu mzaa mama, na mara niliposimama chini yake nikahisi utulivu ambao nilikuwa sijauhisi kwa miezi. Dalali, ambaye aliuona uso wangu kabla mimi sijauona, akaniambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela kamili. Nilikuwa najua kabisa kwamba inapasa kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kuuliza majirani wa pande zote nne, na kuona karatasi za mauziano ya awali. Kulikuwa hata na kitu kidogo tumboni kilichokuwa kinanisumbua, kwa sababu mwuzaji alijibu swali langu juu ya mipaka kwa kumtazama dalali kwanza. Lakini akili yangu, ambayo nilikuwa najivunia, ilifanya kazi ya wakili wa kukodi: ikaniletea hoja kwamba bei ya eneo lile inapanda kila mwaka, kwamba barabara ya lami inakuja, kwamba kuchelewa ndiyo hasara. Nikalipa. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa kwa watu wawili kabla yangu, na kesi iliponiishia sikuambulia hata tawi la ule mwembe.

Nimejiuliza mara nyingi tofauti kati ya moyo wangu chini ya mwembe na moyo wa mdogo wangu kwenye ncha ya kitanda. Vyote viwili vilikuwa hisia kali, vyote viwili havikuwa na maneno. Nadhani tofauti iko katika jambo ambalo hisia inalizungumzia. Hisia yake ilitokana na nyumba ile ile iliyokuwa inaamuliwa na mama yule yule, kwa miaka sita ya kuwatazama. Yangu ilitokana na mwembe mwingine, wa bibi aliyekwisha kufa, katika kijiji kingine, ikaja kutua juu ya ardhi ambayo nilikuwa na umri wa saa moja nayo. Kile kilichonisumbua tumboni ndicho kilichohusu kiwanja chenyewe, na ndicho nilichokinyamazisha kwa hoja. Kwa hiyo siku hizi, jambo linaponipa furaha au hofu kubwa, sijiulizi kama nifuate akili au moyo. Najiuliza: hisia hii imetoka wapi, na imelijua jambo hili kwa muda gani? Swali hilo ni la akili, lakini linaulizwa kwa heshima, kama hakimu anavyomwuliza shahidi alisimama wapi alipoyaona anayoyasema.

Na wapo waliolifahamu jambo hili kabla ya maabara yoyote. Imepokewa katika hadithi ya Abu Bakra, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, kwamba Mtume alikataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, waliochambua katazo hilo walisema kwamba halikuishia kwenye hasira, wakapima kwalo njaa kali, kiu, maumivu na usingizi, kila hali inayomshughulisha hakimu na nafsi yake badala ya kesi iliyo mbele yake. Sijui maelezo mazuri zaidi ya tatizo. Hasira ya hakimu haihusiani na shamba linalogombaniwa, lakini itaandika hukumu ya shamba. Na dawa iliyotolewa haikuwa kumwambia hakimu asiwe na hisia, jambo ambalo halipo katika uwezo wa kiumbe. Aliambiwa asihukumu sasa.

Sasa ni neno kubwa. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, aliandikiwa mwaka 1772 na rafiki yake Joseph Priestley, mwanasayansi na mhubiri aliyekuwa anapima kama aache kazi yake Leeds akatumikie bwana mmoja tajiri. Franklin akamjibu kwamba hawezi kumshauri aamue nini, ila atamweleza namna ya kuamua: agawe karatasi kwa mstari katikati, upande mmoja yanayounga mkono, upande mwingine yanayopinga, kisha akate yanayolingana uzito. Safu mbili hizo ndizo nilizofundishwa na ndizo alizozitumia kaka. Kilichoachwa katika kufundishwa kwangu ni kwamba Franklin alisema anaiacha karatasi wazi kwa siku tatu au nne, kwa sababu hoja hazimjii mtu zote kwa pamoja, baadhi huonekana saa hii na nyingine saa ile. Yaani hata yule anayetajwa kama baba wa hesabu za maamuzi alijua kwamba mtu wa asubuhi na mtu wa jioni hawaandiki safu moja, na kwamba wote wawili wanapaswa kupewa kalamu.

Sisi tuliokolewa na eda. Jioni ile ile ya siku ya nne kaka alimpelekea baba mdogo daftari, akitarajia sahihi. Baba mdogo ni fundi cherehani mstaafu, mtu wa maneno machache, akavaa miwani, akalisoma lote hadi chini, akalifunga na kumrudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Hesabu zako nzuri, mwanangu. Mama yenu yuko kwenye eda, na eda yake ni ya nyumba hii. Miezi minne na siku kumi. Ikiisha, tutakaa." Kaka akaeleza juu ya Ijumaa. Baba mdogo akasema kwamba mnunuzi naye ana mama, ataelewa, na asipoelewa basi ni mtu ambaye hatukutaka kuuziana naye. Hakubishana na namba hata moja, na hakumtaja mdogo wangu wala machozi yake. Wakati ule niliona kwamba ametumia dini kukwepa mjadala. Leo naona kwamba alituona watoto watatu ambao hakuna aliyekuwa na hali ya kuhukumu, akatupa kitu ambacho hatukuwa na akili ya kujipa. Wazee wetu wana vifaa vingi vya aina hii, na vingi tunavidharau kwa kuwa vinachelewesha: mshenga anayebeba maneno ya posa ili wenye damu ya moto wasikutane uso kwa uso, arobaini inayosubiriwa kabla ya nguo za marehemu kugawiwa, rakaa mbili za istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi katika uamuzi, na usiku mmoja wa kulala nalo jambo. Kila kimoja kinaupa moyo muda wa kupoa bila kuunyima haki ya kusema.

Mnunuzi hakurudi. Miezi ilipotimia tulikutana wote barazani, Jumapili baada ya alasiri, baba mdogo akiwa katikati yetu. Kaka alikuja na daftari lile lile, lakini hakulifungua mara moja. Mdogo wangu safari hii alikuwa ameandika, kurasa mbili kwa mwandiko wa mwalimu, ameorodhesha mapato ya vitumbua kwa miezi minne, siku za jirani kukaa jikoni, na nauli ya mama kutoka Arusha kuja kwenye kila msiba wa mtaa ambao asingekubali kuukosa. Sauti yake ilitetemeka mara moja tu. Tukabishana kwa utaratibu juu ya paa, kwa sababu lilikuwa swali la kweli na mvua za masika zilikuwa zimebakiza wiki chache, na milioni 4 na nusu bado hazikuwapo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, nusu yake ukumbini, anachambua mchele kwenye ungo. Katika miezi yote hiyo, na nalisema hili kwa uchungu, hakuna mmoja wetu watatu aliyekuwa amemwuliza. Tulidhani mwenye huzuni kubwa kuliko wote hapaswi kusumbuliwa na mambo ya bati. Baba mdogo akageuka, akasema, "Shemeji, wewe unasemaje?"

Mama akaendelea kuondoa chuya kwa muda, kisha akasema bila kuinua kichwa kwamba usiku wa mvua za vuli hakuwa na usingizi, kwa hiyo alikuwa akitembea na kibatari chumba hadi chumba, akiweka alama ya mkaa sakafuni kila mahali tone lilipoangukia. Upande wa uani hakuna tone hata moja. Zinazovuja ni za mbele, kuanzia chumba cha marehemu hadi barazani. Akaweka ungo chini.

"Bati 28," akasema. "Nimezihesabu mara mbili. Na ile kofia nimekwisha kuitoa pale msumarini, kaka yenu aingie akapime."